Baraza la Nha Minga

Ilda Tavares alilizunguka duka la aiskrimu la Wenasset mara kadhaa akitafuta pa kuegesha gari. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, jua kali, na kila nafasi ilikuwa na kibao kinachosema ni ya wakazi peke yao. Kando yake alikaa mama yake, Eugénia, ajuza wa miaka themanini na ushee, amepakata sufuria ya wali wa maharagwe iliyofungwa kwa taulo ili isipoe. Tangu watoke Brockton alikuwa amekataa sufuria hiyo iwekwe kiti cha nyuma.

"Mama, itakuunguza mapaja."

"Na iunguze. Wewe tafuta pa kuliweka hili gari lako kabla watu hawajaondoka barazani."

Watu aliowasema walikuwa marehemu. Huko Wenasset, marehemu hutoka baada ya chakula cha mchana, wakakaa kwenye mabaraza ya nyumba zao wakitazama ghuba mpaka giza liingie. Kijiji kilijengwa zamani na waumini waliosadiki kwamba wafu husema, wakajenga nyumba ndogo ndogo za mbao zenye nakshi pembeni ya bahari ili wafu wapate mahali pazuri pa kusemea. Wafu wakaja, na kwa adabu au kwa kukosa pengine pa kwenda, wakabaki. Ufukweni pana tangazo la Chama cha Wenasset: Tafadhali usiwalishe shakwe wala marehemu. Shakwe hawalijali.

Mwishowe Ilda aliegesha nyuma ya duka la samaki, mbali kidogo, wakaja kwa miguu, mama mbele na sufuria yake, binti nyuma na mwavuli.

Kwa watu wa visiwa vya Kabo Verde waliohamia pande hizi za Marekani, mambo ya marehemu hayana sherehe. Kule Brockton mjomba Djedji huja kila Jumapili, hukaa jikoni kwa Eugénia, husema kahawa ni nyepesi, kisha huondoka bila kuosha kikombe, vilevile alivyokuwa alipokuwa hai. Shangazi Filomena huja kutazama tamthilia na hulia kabla ya wakati kwa sababu anajua nani atakufa. Lakini mama yake Eugénia, Dominga, ambaye watu wote walimwita Nha Minga kwa heshima, hakuja hata siku moja tangu azikwe. Kila sikukuu ya Mtakatifu Yohana binti yake alimwekea sahani. Kila mwaka sahani ilipoa.

Eugénia aliamini kwamba amesuswa. Katika ujana wake alimwacha mama yake peke yake huku pwani, akaenda mjini kufanya kazi katika kiwanda cha viatu, na mama akafa bila yeye kuwepo. Jambo hilo lilimkaa kifuani miaka yote. Sasa moyo wenyewe ulikuwa umechoka. Daktari alikuwa amemwambia Ilda kwa sauti ya chini, ambayo Eugénia aliisikia vizuri sana, kwamba mwaka huu ungekuwa wa kuangalia. Akawa hana ombi jingine duniani: mama yake aje akae jikoni kwake, hata mara moja, kabla naye hajafumba macho.

Ndipo msusi wa Ilda aliporudi kutoka likizo na kadi ya posta ya Wenasset. Ilikuwa na picha ya mwanamke wa makamo, mweusi, mikono minene, amekaa barazani na taji la manyoya ya bata mzinga kichwani. Chini yake pameandikwa: Binti Mfalme Majicheko, Mlinzi wa Ghuba Yetu.

Eugénia aliishika kadi mbali na uso, halafu karibu.

"Huyu si binti mfalme wa mtu yeyote," alisema. "Huyu ni Mama. Na ni nani amemvisha kuku kichwani?"

Kwa hiyo walikuja.

Wageni wa Wenasset hawazururi ovyo. Hukusanyika mbele ya ukumbi na kuongozwa na Bi Prudence Whitlock, mwenyekiti wa Chama, mwanamke mrefu wa nywele nyeupe na kandambili za ngozi, ambaye humwita kila mtu mpenzi. Siku hiyo kundi lilikuwa la kawaida: wastaafu, mabibi harusi wawili, daktari wa meno kutoka Connecticut aliyetaka kujua kama auze mashua yake. Bi Prudence aliwaonyesha nyumba. Alieleza kwamba Wenasset ni kijiji cha kihistoria, kwamba Kamati ya Urithi hairuhusu kubadilisha hata bawaba ya dirisha, na kwamba kuna bwana aliyewahi kupaka mlango wake kijani kisichokubaliwa, akatakiwa kuomba radhi hadharani kwa mwasisi wa kijiji. Mwasisi alikuwa amekufa zaidi ya karne moja, lakini alihudhuria.

Akawapeleka pia chini ya misonobari, kwenye kibanda cha miti walichojenga waumini wa kwanza ili kuzishukuru roho za Wahindi Wekundu kwa uponyaji na hekima yao.

"Hao Wahindi bado wako?" aliuliza mmoja wa mabibi harusi.

"Roho zao zimejaa tele, mpenzi. Unazihisi?"

"Namaanisha watu wenyewe."

Wampanoagi, ndio Wahindi wa pwani hiyo, wako, na wanaishi mwendo wa nusu saa kwa gari. Waliwahi kuja kukiona kibanda hicho, ila hawakupata pa kuegesha. Bi Prudence alilisema hilo kwa huzuni ya kweli, kisha akaongoza kundi kuelekea Nyumba ya Lavenda.

Nyumba ya Lavenda iko kwenye kona, bahari mbele yake, imepakwa zambarau iliyofifia. Uani palikuwa na karai kubwa la bati lililopandwa maua. Barazani, kwenye kiti cha mbao, alikaa Nha Minga. Alikuwa akinung'unika kwa Kikriolu, lugha ya Kabo Verde, huku akivuta taji la manyoya kichwani, akaliweka sakafuni. Kijana wa Chama akaliokota, akamrudishia. Hilo liliendelea mchana kutwa, na kijana alibadilishwa kila baada ya muda ili apumzike.

"Mama," Eugénia alisema.

Nha Minga aliinua macho. Alikufa na miaka hamsini na bado anayo hamsini yake, na mtu aliyemwita mama alikuwa bibi kizee mwenye mgongo uliopinda. Ilimchukua muda.

"Eugénia? Mbona umezeeka hivi?"

"Ndiyo kazi niliyokuwa nayo, Mama."

"Umekula?"

"Nimekuletea wewe ule."

Eugénia alianza kupanda ngazi. Bi Prudence alimwahi, akamshika kiwiko kwa upole mkubwa.

"Mpenzi, samahani. Hapa hatuzungumzi na marehemu moja kwa moja. Siyo salama."

"Siyo salama kwa nani?"

"Kwa ujumbe," alisema Bi Prudence. "Ujumbe unaweza kuharibika. Ndiyo maana tuna wakalimani."

Mkalimani alitoka ndani ya nyumba akiwa na bilauri ya maji ya limau. Aliitwa Lowell Pettengill, mtu mpole wa mashavu mekundu, mwenye cheti cha Chama, na Nyumba ya Lavenda ilikuwa yake, aliyoirithi kwa baba yake, na baba yake kwa bibi. Alifumba macho, akainua kiganja kumwelekea Nha Minga.

Nha Minga alimtazama, akamwambia binti yake kwa Kikriolu, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Huyu kakaa ndani ya nyumba yangu. Niliinunua kwa mikono hii, kwa kufua mashuka ya kijiji kizima. Bibi yake akanitoa humo nikiwa bado na sabuni mikononi. Halafu tazama, wamepanda maua kwenye karai langu!"

"Anasema," Bwana Lowell alitafsiri, "kwamba mikono yake imejaa povu la mawimbi, na kwamba kila chombo mioyoni mwetu kitachanua."

Kundi lilishusha pumzi. Daktari wa meno alipangusa jicho.

Habari ya nyumba hiyo si siri Wenasset. Ni kwamba inasimuliwa vizuri. Nha Minga alikuwa dobi, akadunduliza, akainunua nyumba kwa mjane mmoja. Majira ya kiangazi yaliyofuata, bibi yake Lowell, mkalimani mashuhuri wa enzi zake, alipokea ujumbe kutoka kwa mwasisi Ephraim Sturgis kwamba nyumba ya kona irudi mikononi mwa waumini, na kwamba mwasisi, alipoulizwa mikononi mwa nani hasa, alimtaja mkalimani mwenyewe. Amri ya marehemu haina rufaa. Nha Minga alihamia kwenye vibanda vya wachumaji wa kranberi, kule kwenye mashamba ya kinamasi ambako watu wa Kabo Verde waliinama mchana kutwa wakichuma vitunda vyekundu kwa ajili ya meza za sikukuu za watu wengine. Akafia huko. Siku ya pili yake alirudi kwenye baraza lake, akakaa.

Chama kilikutana kumjadili. Hakuweza kuwa yule dobi, maana dobi alikuwa ameshatolewa. Alikuwa mweusi kiasi, alikuwa amekasirika kwa heshima, na alisema lugha ambayo hakuna mjumbe aliyeijua. Wakapiga kura kwamba ni binti mfalme wa Kihindi.

Mwasisi mwenyewe, Mzee Ephraim, hukaa kwenye benchi mkabala na nyumba, na ndevu zake na kofia yake ya majani. Siku ile naye alisikia kila kitu, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, kama asemavyo kila siku:

"Mimi sikusema vile. Mwaka ule sikuwa nasema na mtu. Nyumba ni ya dobi."

Ilda aligeuka kwa Bi Prudence. "Si mmemsikia?"

"Mzee Ephraim? Husema hivyo mara kwa mara."

"Basi?"

"Mpenzi, amesema bila mkalimani. Maneno ya marehemu yakija wazi namna hiyo, hatuyachukui yalivyo."

Ilda ni wakala wa bima, na kazini kwake amesikia mengi. Alimshika mama yake mkono wenye sufuria.

"Twende zetu ukumbini," Eugénia alisema kwa Kikriolu. "Nimesikia kuna namna ya kuwachukua."

Namna ipo. Kila alasiri ukumbini, mkalimani husimama jukwaani, humchagua mtu aliye hai na kumwuliza kwa niaba ya marehemu: Naruhusiwa kuja kwako? Anayeulizwa lazima ajibu kwa sauti. Kutikisa kichwa hakukubaliki, roho inataka kusikia sauti. Akijibu ndiyo, marehemu yuko huru kwenda naye. Wengi huridhika na ujumbe tu, lakini wapo marehemu waliokwenda na watu mpaka majumbani mwao. Mwanamume mmoja wa Rhode Island alipiga chafya wakati usiofaa, ikahesabiwa kuwa ndiyo, na mpaka leo anaishi na nahodha asiyemjua.

Eugénia alikaa mstari wa mbele kabisa, sufuria mapajani. Nha Minga aliletwa jukwaani na kiti chake, na kijana wa manyoya nyuma yake. Bwana Lowell alifumba macho. Na kabla hajayafumbua, Nha Minga aliinama mbele, akauliza mwenyewe kwa Kikriolu:

"Mwanangu, nije kwako?"

"Njoo, Mama," Eugénia alisema kwa sauti. "Njoo. Jiko liko tayari. Njoo twende nyumbani."

Nha Minga alianza kuinuka.

"Namwona bwana mmoja," Bwana Lowell alisema, akanyoosha mkono kumwelekea daktari wa meno. "Bwana, Binti Mfalme anauliza: Naruhusiwa kuja kwako?"

"Ndiyo," alisema daktari wa meno. "Karibu sana."

"Anasema usiogope. Uza mashua."

Nha Minga alimtazama daktari wa meno, akaketi tena. Watu walipiga makofi ya kiasi. Ilda alisimama. Alisema kwamba hilo silo alilosema marehemu, kwamba mwanamke huyo ni bibi yake, Dominga Tavares wa kisiwa cha Brava, dobi, mwenye Nyumba ya Lavenda, kwamba amemwuliza binti yake kama aje kwake na binti yake amejibu kwa sauti kama inavyotakiwa, na kila mtu humu ndani kasikia.

Ukumbi ulimsikiliza kwa makini. Alipomaliza, Bi Prudence alisema, "Asante kwa kutushirikisha. Hiyo nayo ni tafsiri nzuri."

"Si tafsiri. Ndiyo alichosema! Ni Kikriolu."

"Lugha ya Binti Mfalme ilipotea miaka mingi sana iliyopita, mpenzi. Hakuna aliye hai anayeijua."

"Mimi naijua!" Eugénia alifoka, safari hii kwa Kiingereza. "Naongea hii lugha na muuza samaki wenu hapo nyuma. Naungamia dhambi kwa lugha hii. Brockton hata paka anaijua!" Kisha hasira ikamrudisha kwa Kikriolu, akawaambia wao ni nani na mama zao waliwalea vipi, na Nha Minga jukwaani akaitikia na kuongezea pale aliposahau.

Bwana Lowell alikuwa na machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, maana si mtu mnafiki.

"Mmesikia?" alinong'ona. "Imemwingia. Lugha imerudi katika kinywa cha mgeni."

Ukumbi mzima ulisimama kushangilia. Eugénia aliwaita wajinga. Bwana Lowell aliwaeleza kwamba anawabariki. Eugénia akawaita wezi. Bwana Lowell akawaeleza kwamba anawabariki tena, hasa walio mistari ya nyuma. Mabibi harusi walikumbatiana.

Ilda alidai kuiona Kamati ya Urithi. Haikuwa shida, kwa sababu Wenasset kila mtu yumo kwenye Kamati ya Urithi. Waligeuza viti vikatazamana, na Bi Prudence, ambaye ni mwenyekiti wa hiyo pia, akamweleza Ilda jambo lenyewe kama anavyoelezwa mtoto kwamba barafu imeyeyuka. Kijiji kilipoingizwa kwenye urithi wa taifa, kila nyumba ilipigwa picha kwa mbele. Katika picha ya Nyumba ya Lavenda kuna madirisha, kuna nakshi, na kuna Binti Mfalme kwenye kiti. Kilichomo kwenye picha hakiondolewi.

"Bibi yangu si nakshi," alisema Ilda.

"Hakuna aliyesema ni nakshi. Ni sehemu ya mandhari ya mbele."

"Na yule daktari wa meno? Si alikaribishwa? Si angeweza kwenda naye?"

"Yule alipewa ujumbe tu. Hakuja na nia ya kubeba kitu."

"Sikilizeni," alisema Ilda. "Alipokuwa hai mlimwambia atoke. Amekufa mnamwambia akae. Mama yangu ni mgonjwa. Anataka kukaa na mama yake jikoni kwake, basi. Hamtapungukiwa na kitu."

Wapo kwenye viti vile walioona haya. Bi Prudence alisema kwamba hayo ni maumivu yanayosema, na kwamba Kamati inayaheshimu maumivu. Kisha wakapiga kura. Aliyeona haya zaidi alipendekeza jambo la huruma: picha inakataza kupunguza, lakini haikatazi kuongeza. Kiti cha pili barazani, kama ni cha mbao na cha muundo wa zamani, kingeweza kukubaliwa.

Eugénia alitafsiriwa hilo na binti yake ingawa alikuwa amelielewa vizuri.

"Basi nitakaa mimi," alisema.

"Mama, una dawa za kunywa. Jumatano una daktari."

"Si alisema nipumzike, nikae? Nitakaa."

"Mama, hawa watu watakuvisha manyoya!"

"Wanivishe. Nimevaa mangapi kiwandani kwa watu wa namna hii?" Alimpapasa Ilda shavu. "Usinililie hapa mbele yao. Watasema unatabiri."

Walimpa kiti, shali ya rangi iliyoidhinishwa, na taji dogo kuliko la mama yake, kwa vile hakuwa na cheo. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Kwa kuwa sasa alikuwa sehemu ya mandhari ya mbele, hakuna aliyeweza kumkataza kusema na aliyekaa kando yake. Alifungua taulo, akafunua sufuria, na harufu ya vitunguu na soseji ya pilipili ikashuka barabarani. Marehemu wa mtaa mzima waligeuka kwenye viti vyao. Walikuwa hawajalishwa tangu tangazo lile liwekwe.

Nha Minga alikula kwa kijiko mpaka katikati.

"Chumvi haitoshi."

"Daktari kanikataza."

"Wewe ndiye mgonjwa, si mimi. Mimi imenikosea nini?"

Eugénia alicheka, kisha akalia, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Alipoweza kusema aliuliza swali alilokuja nalo. "Mama, ulinikasirikia? Nilikuacha. Nimekuwekea sahani miaka yote."

"Nikukasirikie kwa lipi? Nilikuwa nangoja wanipe nyumba yangu. Ningekujaje kwako mikono mitupu? Nilitaka nije nikwambie, haya, nyumba hii hapa ya kukulea wanao." Aliitazama bahari. "Nikadhani ni suala la wiki moja mbili."

Mzee Ephraim alivuka barabara na kofia yake mkononi, akauliza kama kumebaki kidogo. Nha Minga alisema yeye hana ugomvi naye, akampa ukoko.

Ilda alikaa nao kwenye ngazi mpaka akaambiwa kwamba muda wa wageni umekwisha. Alirudi Brockton peke yake, na taulo kiti cha mbele.

Alikuja kila Jumamosi na sufuria na dawa. Mama yake alinawiri barazani kuliko alivyokuwa mjini. Wawili wale walisengenya mchana kutwa, walikumbushana majina ya mitaa ya Brava, waligombana kuhusu mtu fulani aliyeoa mara mbili, na Bwana Lowell alisimama kando akitafsiri kwamba mwezi ni dada wa bahari. Idadi ya wageni iliongezeka. Kadi mpya ya posta ilitolewa.

Eugénia alifariki Septemba, kwenye kiti chake, baada ya kundi moja la wageni kuondoka na kabla jingine halijafika. Nha Minga alimfumba macho, akalitupa taji lake na la binti yake pamoja uani, na kijana wa Chama akayarudisha yote mawili. Ilda alimzika mama yake Brockton kwa misa na kwa mlo mkubwa. Jumamosi iliyofuata alimkuta barazani, kiti kilekile, mgongo umenyooka kidogo. Kamati ya Urithi ilikuwa imepita kukagua na kuthibitisha kwamba mbele ya nyumba hakujabadilika kitu.

Sasa Jumapili mjomba Djedji huja jikoni kwa Ilda, husema kahawa ni nyepesi, huuliza dada yake yuko wapi. Ilda humwekea mama yake sahani hata hivyo. Hupoa.

Kiangazi cha mwaka uliofuata Wenasset ilifurika. Kamba ya rangi ya lavenda ilizungushwa uani ili watu wasisogee sana, na Ilda alisimama nyuma yake kama wengine, kwa sababu sufuria haziruhusiwi tena kupita. Mama yake alimwona, akampungia mkono, kisha akamgeukia Nha Minga. Alikuwa amechoka na jua, na taji lilimwasha.

"Mama," aliuliza kwa Kikriolu, "hivi hawa watu wataondoka lini kwetu?"

Bwana Lowell alifumba macho, akainua kiganja.

"Wanasema," alitangaza, "jisikieni nyumbani."

Watu walipiga makofi. Ilda alipiga hatua mbele kuwaambia alichosikia, na Bi Prudence akamwomba asikanyage majani.